Hoja Imepokelewa, Ghala Bado Limefungwa

Mwanamke mmoja alisimama safu ya nyuma, akangoja kipaza sauti kimfikie, akauliza: "Lile ghala la akiba, nani akisema ndipo linafunguliwa?"

Kilikuwa kikao cha kukusanya maoni juu ya rasimu ya sera ya chakula. Rasimu yenyewe, kurasa sabini na ushei, tuligawiwa mlangoni asubuhi ileile, tukaombwa tuwe tumeshachangia kabla ya saa saba mchana. Mwendesha kikao akatabasamu. "Ahsante sana mama, hoja imepokelewa." Akampa nafasi mwingine. Sera ilipotoka, miezi mingi baadaye, niliisoma hadi viambatisho nikilitafuta jibu la yule mama. Halikuwamo. Kilichokuwamo ni sentensi moja kwenye dibaji, kwamba wadau wote walishirikishwa kikamilifu. Nadhani na mimi ni mmoja wao, maana nilisaini daftari la mahudhurio.

Swali lile limenikaa. Ukiiondolea sera yoyote ya chakula dibaji, dira na picha za jalada, yanabaki maamuzi machache yenye uzito: akiba inashikwa na nani na inatolewa lini, serikali inanunua mazao ya nani na kwa bei gani, mgao anapewa nani, mbolea na mbegu zipi zinaruhusiwa, fedha zinatoka fungu lipi. Mwananchi anaweza kuitwa vikaoni miaka kumi, akazungumzia changamoto na mapendekezo mpaka sauti ikamkauka, asiguse hata moja kati ya hayo.

Sisi tunaotetea ushirikishwaji tumezoea kudai viti. Mwakilishi wa wakulima awemo kwenye baraza, wa wanawake awemo kwenye kamati, vijana wasisahaulike. Si dai baya, ila siku hizi nalitilia mashaka likisimama peke yake. Kiti huondolewa asubuhi moja. Kinachoshikilia ni haki iliyoandikwa kwa vipimo, yenye watu wengi wanaoidai kila siku, na yenye mahali pa kwenda kushtaki wakinyimwa. Nchi mbili zimenifikisha hapo, India na Brazil, kila moja kwa njia yake.

Mwaka 2001 jimbo la Rajasthan, India, lilikuwa kwenye ukame wa miaka mfululizo. Vijijini watu walikuwa wanalala njaa. Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa na nafaka zaidi ya tani milioni 50 katika akiba yake, kiasi kilichopita mbali kiwango ambacho kanuni zake zenyewe zilitaka. Nje kidogo ya Jaipur, mji mkuu wa jimbo, magunia yalikuwa yamerundikwa uwanjani kwa sababu ghala limejaa, yakinyeshewa na kuoza. Wanaharakati walioyaona magunia yale hawakwenda kuandika mapendekezo. Aprili mwaka huo jumuiya ya kutetea haki za raia, PUCL, ilikwenda Mahakama ya Juu ya India na hoja nyepesi kuieleza, ngumu kuijibu: katiba inalinda haki ya kuishi, na mtu haishi bila kula. Sasa nafaka inaozaje watu wana njaa?

Serikali haikukosa cha kujibu. Miradi ya chakula ilikuwepo, tena mingi, na kila mmoja una jina lake refu. Mahakama ikafanya jambo ambalo hakuna kikao cha wadau kimewahi kulifanya. Tarehe 28 Novemba 2001 iliitamka miradi ile kuwa haki za watu, ikaiwekea vipimo. Kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, au inayosaidiwa na serikali, apewe chakula kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300 na protini gramu 8 hadi 12 kwa siku, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka.

Hilo neno "kilichopikwa" lisikupite. Mpango wa mwaka 1995 uliotangulia, katika majimbo mengi, ulikuwa unampa mtoto kilo 3 za nafaka kavu kwa mwezi. Nafaka kavu ikifika nyumbani inaingia kwenye chungu cha wote, na mara nyingine haifiki kabisa; gunia lina miguu. Chakula kilichopikwa hakina pa kuuzwa njiani. Mtoto anakila palepale, au mzazi anasikia jioni kwamba leo hatukula. Mtu wa wizarani ataliita hilo suala dogo la utekelezaji. Kwa mzazi, hiyo ndiyo sera yenyewe.

Mahakama haikuishia kuamuru. Mwaka 2002 iliteua makamishna wake, akiwemo mtumishi mstaafu wa serikali N. C. Saxena, wafuatilie majimbo na kuleta taarifa. Kesi ikaenda miaka na miaka, amri baada ya amri, mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Taifa ya Usalama wa Chakula mwaka 2013. Sheria ile inagusa hadi asilimia 75 ya watu wa vijijini na 50 ya wa mijini. Kilo 5 za nafaka kwa mtu kwa mwezi kwa kaya za kawaida, na kwenye kadi ya mgao anayehesabiwa mkuu wa kaya ni mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wenzake. Ukavu wa lugha ya sheria hiyo ndio uzuri wake: mtu asiyejua kusoma anajua kilo 5 ni kiasi gani. Akipimiwa 4 anajua ameibiwa moja, na anajua amuulize nani.

Ina kasoro, tena kubwa. Idadi ya wanaostahili ilipigwa kwa sensa ya 2011, na sensa iliyotarajiwa 2021 haikufanyika kwa wakati. Waliozaliwa baadaye wakajikuta wanasubiri nafasi ya mtu mwingine. Lakini hata kasoro hiyo inaonekana kwa sababu sheria imetaja namba. Sera inayoahidi "kuboresha upatikanaji wa chakula kwa makundi maalumu" haiwezi kukutwa na kosa la hesabu, kwa kuwa haikuhesabu chochote.

Nikae Rajasthan kidogo, maana kuna kikao cha aina nyingine kilichozaliwa huko. Mwishoni mwa 1994, chama cha wakulima na vibarua kiitwacho MKSS kilianza kuitisha mabaraza ya wazi vijijini, "jan sunwai", yaani usikilizwaji wa watu. Kikao kilikuwa na kazi moja: kusoma karatasi za serikali kwa sauti mbele ya wanakijiji. Orodha ya malipo ya vibarua wa kazi za umma inasomwa jina kwa jina. Fulani, siku kadhaa, amelipwa kiasi fulani. Fulani huyo anainuka: mimi sikuikanyaga kazi hiyo. Jina linalofuata linasomwa, na watu wanaguna. Mwenye jina alishazikwa zamani. Karatasi iliyokaa miaka kabatini kwa heshima zote ilikuwa inaanguka kwa nusu saa uwanjani.

Linganisha na ukumbi wetu wa kurasa sabini. Sisi tuliitwa kutoa maoni juu ya mambo yajayo, wale walikuja kuthibitisha au kukanusha mambo yaliyokwisha andikwa. Maoni huwa hayana uongo wala ukweli, ndiyo maana ni rahisi kuyapokea. Orodha ya malipo ina kimojawapo. Madai ya kuziona karatasi hizo ndiyo yaliyosukuma hadi India ikapata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2005, na sheria ya chakula ya 2013 nayo ikaweka kifungu cha ukaguzi wa kijamii wa maduka ya mgao.

Brazil hutajwa kila mara mjadala huu unapoanza, na inastahili. Baraza lake la usalama wa chakula, CONSEA, liliundwa 1993, likafutwa 1995, likarudishwa 2003. Sheria ya mwaka 2006 ililiweka kwenye mfumo wa kudumu: theluthi mbili ya wajumbe watoke nje ya serikali, na mwenyekiti awe mmoja wao. Mikutano ilianzia kwenye miji, ikapanda majimboni, ikaishia mkutano wa taifa. Mwaka 2010 haki ya chakula ikaingizwa kwenye katiba. Ukitaka picha ya wananchi kukaa jikoni mwa sera, ni hiyo.

Lakini ningemwomba msomaji aangalie kitu kingine kilichotoka kwenye baraza lile, kisichosifiwa sana. Sheria ya chakula cha shuleni ya mwaka 2009 ilisema angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu zinazokwenda kununua chakula cha wanafunzi zinunue moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa familia. Kabla ya hapo zabuni ilikuwa zabuni: mwenye malori na dhamana ya benki anashinda, mwenye ekari chache hata fomu hanunui. Sheria iliruhusu shule na halmashauri kununua kwa tangazo la wazi bila mchakato mzima wa zabuni, mradi bei isipite ya soko. Wanafunzi wanaolishwa na mpango huo ni kama milioni 40. Kwa hiyo asilimia 30 ile ilitengeneza, pasipo hotuba, jeshi la watu wenye maslahi: mkulima mwenye mkataba, mpishi wa shule, mzazi, halmashauri inayoona fedha ikibaki kwake.

Ikaja tarehe 1 Januari 2019. Rais Jair Bolsonaro aliapishwa, na siku hiyohiyo amri yake ya muda ikaondoa vifungu vilivyolishikilia baraza. Miaka ya mikutano, sheria, katiba, saini moja. Februari 27 wapishi, wakulima na wanaharakati wakatandika meza ndefu kwenye viwanja vya wazi katika miji mingi, wakawagawia wapita njia chakula bure, maandamano ya kushibisha watu badala ya kuwapigia kelele. Bunge lilijaribu kulirudisha baraza. Rais akakataa kipengele hicho, na ukataaji wake ukabaki hivyo.

Asilimia 30 haikuondoka. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, sheria ya Aprili 2020 iliruhusu chakula kilichonunuliwa kwa fedha za mpango kigawiwe familia za wanafunzi. Haikwenda vizuri kila mahali. Zipo halmashauri zilizoacha kununua na wakulima wakabaki na mazao. Hata hivyo dai lilikuwa na miguu ya kusimamia, kwa sababu mkulima alikuwa na kifungu cha sheria mkononi. Baraza lilirudishwa mwaka 2023, rais wa zamani Lula aliporudi madarakani. Na mwaka 2025 sheria mpya ikaipandisha asilimia 30 hadi 45, kuanzia 2026.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba kufutwa kwa baraza ndiko kulikoleta njaa. Brazil ilitoka kwenye ramani ya njaa ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2014, ikarudi, na utafiti wa 2022 ulikuta watu milioni 33 wakiwa na njaa. Katikati hapo kulikuwa na mdororo wa uchumi, kupunguzwa kwa bajeti, na korona. Julai 2025 FAO ikatangaza nchi hiyo imetoka tena. Ninachosema ni kidogo zaidi: vitu viwili vilivyozaliwa na harakati moja vilikumbwa na dhoruba moja, kimoja kikang'oka na kingine kikabaki. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kwenye sahani za watu.

Upande wa pili, wa nchi inayoamua bila kuuliza mtu, Sri Lanka imetuandikia somo ambalo sidhani kama linahitaji maelezo mengi. Gotabaya Rajapaksa aligombea urais mwaka 2019 akiahidi kuipeleka nchi kwenye kilimo hai kwa miaka 10. Mwaka 2021, kati ya Aprili na Mei, miaka 10 ikawa siku chache: mbolea na viuatilifu vya viwandani vikapigwa marufuku kuingia nchini. Kulikuwa na sababu isiyosemwa kwa sauti, akiba ya fedha za kigeni ilikuwa inakauka. Mkulima yeyote wa mpunga angeweza kufanya hesabu ile kwa dakika tano. Shamba langu linahitaji samadi kiasi gani, inatoka kwa ng'ombe wangapi, nani anaileta, inafika kabla ya msimu au baada? Hakuulizwa. Novemba mwaka huohuo marufuku ililegezwa, na Januari 2022 serikali ikatangaza fidia ya rupia bilioni 40 kwa wakulima wa mpunga zaidi ya milioni moja. Rais alikimbia nchi Julai. Mbolea haikuwa sababu pekee, uchumi mzima ulikuwa umeporomoka, lakini msimu ule mbovu wa mavuno ulikuwa wa kujitakia.

India yenyewe, hiyohiyo ya haki ya chakula, ilifanya kosa la aina hiyo mwaka 2020. Sheria tatu za soko la mazao zilianza kama amri za dharura mwezi Juni, zikapitishwa Septemba. Kwenye baraza la juu la Bunge mbili kati yake zilipitishwa kwa sauti za ndiyo na siyo, huku wapinzani wakidai kura zihesabiwe. Wakulima wakapiga kambi kwenye mipaka ya Delhi zaidi ya mwaka mmoja, baridi na joto. Tarehe 19 Novemba 2021 Waziri Mkuu Narendra Modi akatangaza kuziondoa, na siku kumi baadaye Bunge likazifuta bila mjadala. Yaani ziliingia hazijajadiliwa vya kutosha, zikatoka hazijajadiliwa kabisa. Kama kuna jambo la kujifunza kuhusu bei ya soko la nafaka, Bunge lile lilikwepa kulijifunza mara mbili.

Hapa ndipo ninapogombana kidogo na wenzangu. Tulishangilia wakulima wa Delhi, na mimi nilishangilia. Ila waliokuwa mstari wa mbele walitoka zaidi Punjab na Haryana, majimbo ambayo serikali hununua ngano na mpunga kwa wingi kwa bei iliyotangazwa. Walikuwa na kitu cha kulinda, na walikuwa na trekta za kuwafikisha. Kibarua asiye na shamba, anayenunua kila anachokula, alikuwa na maslahi gani katika ugomvi ule? Pengine yaleyale, pengine mengine. Haikuwa rahisi kumsikia.

"Wananchi" ni neno linaloficha ugomvi. Mkulima anataka bei ipande, mlaji anataka ishuke, na mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja: mkulima mdogo anauza wakati wa mavuno bei ikiwa chini kwa sababu ana madeni, halafu miezi michache baadaye ananunua chakula kilekile bei ikiwa juu. Mwite kikaoni kama "mwakilishi wa wakulima" na atakuambia bei ya kununulia mazao iongezwe. Mwite kama mzazi, atakuambia nafaka imekuwa ghali. Kikao kinachompa kofia moja kimeshamkata nusu kabla hajafungua mdomo.

Uswisi wanapenda kupiga kura, wakapigia na chakula. Septemba 2017 asilimia 78.7 walikubali kifungu cha usalama wa chakula kiingie kwenye katiba. Kilikuwa kimeandikwa kwa upana kiasi kwamba watetezi wa wakulima na watetezi wa biashara huria wote walikipenda. Mwaka mmoja baadaye yaliletwa mapendekezo mawili yenye makali zaidi, ya masharti juu ya chakula kinachoingizwa na ulinzi wa wakulima wa ndani. Yote mawili yalikataliwa. Kukubaliana juu ya neno ni rahisi kila mahali.

Wataalamu watasema, na nimewasikia wakisema, kwamba njaa haingoji mikutano. Meli ya nafaka inaagizwa leo au bei inapanda kesho. Ni kweli, na ndiyo sababu mwananchi anapaswa kuingia mapema, wakati wa kuweka masharti, si usiku wa dharura. Siku ya moto hatupigi kura juu ya mahali pa kuweka ndoo. Masharti yakishaandikwa, kwamba bei ikifika kiwango hiki kwa wiki hizi ghala linafunguliwa, na afisa mwenye cheo hiki anatia saini ndani ya siku hizi, na asipotia mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani, basi siku ya dharura kazi inakwenda haraka kuliko sasa, maana hakuna anayesubiri simu ya mkubwa.

Wiki iliyopita nilipata mwaliko mwingine. Rasimu mpya, siku tano za kutoa maoni. Safari hii niliruka dibaji na dira, nikaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya akiba. Ni aya mbili. Ya pili inasema chakula cha akiba "kitatolewa pale itakapoonekana inafaa". Itaonekana na nani, haijasemwa.